Kimya Kisichovunja Sheria

Siku ile ramani ilipozidi kuwa nyeupe, watu walipiga makofi.

Na si makofi ya utani. Ukumbi mzima, viganja mia mbili, kwa sababu Bwana Kheri, Mpimaji Mkuu wa Nyumba ya Mawimbi, alikuwa amepanda juu ya kiti chake kama afanyavyo kila siku baada ya chai, akasoma kosa la siku. "Sifuri nukta sifuri sifuri mbili!" Akairudia tarakimu moja moja, kama mtu anayelamba vidole baada ya pilau. Jana kosa lilikuwa kubwa kidogo kuliko hapo. Juzi kubwa zaidi. Kila siku kosa lilipungua, na kila siku lilipopungua rangi ilipungua nayo ukutani, na hakuna aliyeona ajabu kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake.

Ramani ilichorwa na Bongo. Bongo halikuwa na fuvu wala damu. Lilikuwa mashine iliyofumwa kwa maelfu ya nyuzi za hesabu, na kazi yake ilikuwa kukisia wimbi: sauti ikitoka kwenye mnara, itafika wapi, saa ngapi, ikiwa na nguvu kiasi gani. Palipofika wimbi, ramani ilitiwa rangi ya samawati. Pasipofika paliachwa peupe, na ilihesabiwa kwamba hata sauti ya huko haifiki mnarani. Na hii ndiyo amri ya mji ule usio na jina: mahali pakishakuwa peupe, na muhuri ukishagongwa, watu wa hapo hufutwa katika daftari la wanaosikika. Hawafungwi, hawahamishwi, hawapigwi hata kofi. Hawasikilizwi tu tena. Simu za upepo zinazopokea sauti zao, yale maredio ya kubonyeza na kusema, huzimwa huku mjini na kutiwa kwenye droo, kwa sababu kuna faida gani kumsikiliza mtu ambaye Bongo limesema hasikiki?

Bi Mize hakupiga makofi. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na dirisha, macho kwenye ramani. Samawati ilikuwa imebaki kama doa la wino kuuzunguka mnara wa Nyumba yenyewe. Kisha ukaja weupe, na katikati ya weupe Mlima Kisogo, na nyuma ya Kisogo bonde dogo ambalo mpaka jana lilikuwa na uzi mwembamba wa rangi. Leo uzi haukuwepo. Bondeni mule aliishi dada yake, Mwaka.

"We Bi Mize," alinong'ona Pandu, mkaguzi mwenzake wa miaka mingi, mtu wa tumbo na maneno, "mikono imekufa ganzi leo?"

"Unapigia nini makofi, Pandu?"

"Kosa limepungua. Mimi kosa likipungua hata la jirani nafurahi."

"Hebu tazama nyuma ya Kisogo. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi ndicho ninachokuuliza."

Pandu alitazama tena, akashusha mikono, akaifuta kwenye suruali kana kwamba makofi yamemwachia uchafu.

Muhuri ungegongwa alasiri. Lakini alasiri ya mji ule haikuja yenyewe. Jua lilikaa saa nane, palepale juu ya paa, likingoja muhuri, na muhuri ukishalia ndipo lilipopewa ruhusa ya kuteremka. Watu walikuwa wamezoea. Mtu huzoea hata jua kuomba ruhusa.

Mize hakusoma chuo chochote. Naliweka hili wazi, maana wako wanaodhani mawimbi ni mali ya wenye joho. Aliyajua mawimbi kwenye kibanda cha kutengeneza redio, kwa kitabu alichookota kikiwa hakina jalada wala kurasa arobaini za mwanzo. Alikianza ukurasa wa arobaini na moja, katikati ya sentensi, na sentensi ile ilisema "hivyo basi." Hivyo basi! Alikaa miaka kumi akitafuta hivyo basi kwa sababu gani. Alijifunza kwamba umeme ukitikisika humtikisa sumaku, na sumaku akitikisika humtikisa umeme, na hivi viwili vikiendelea kukabidhiana mtikisiko, mmoja mbele ya mwingine, ndipo sauti ya mtu inapovuka nchi bila miguu. Aliona hilo ni jambo la haki. Kila anayeguswa amguse wa pili. Hakuna anayekaa na habari kifuani.

Na alikuwa na kumbukumbu ndefu isiyo na adabu. Alikumbuka nani aliahidi kisima bondeni na mwaka gani alisahau. Alikumbuka rangi ya shati la yule aliyesema barabara itapita nyuma ya Kisogo. Alikumbuka majina ya waliotia saini na majina ya waliotia kidole gumba. Wakubwa walimwogopa kwa hilo. Wakisema "tusonge mbele," yeye huuliza, "kutoka wapi?"

Aliwapita watu wanaokunywa chai ya pili, akaenda hadi kwenye kiti cha Bwana Kheri.

"Mheshimiwa, nyuma ya Kisogo kuna watu."

"Sijasema hakuna." Bwana Kheri alikuwa mpole. Upole ndio uliomkasirisha Mize kuliko kitu kingine. "Nimesema hawasikiki. Bongo limevunja sheria gani, Bi Mize? Nitajie. Zipo nne tu za umeme na sumaku, nawe unazijua kuliko mimi. Tumemwaga nukta elfu kumi juu ya ramani, hata bondeni kwenu zimo. Kila nukta tumeiuliza: hapa ulipo, kisio hili linavunja sheria? Zote zimejibu hapana."

"Umewauliza kama wanavunja sheria. Hukuwauliza kama wapo."

"Swali hilo halimo kwenye fomu."

"Jana dada yangu alikuwa na rangi."

"Jana kosa lilikuwa kubwa," alisema Bwana Kheri, akamwongezea sukari kwenye kikombe ambacho Mize hakukiomba. "Kunywa chai, dada. Sheria imelindwa."

Sheria imelindwa. Alirudi dirishani na kauli hiyo mdomoni kama punje ya mchanga. Sheria inasema nini? Inasema: kikitikisika hiki, kijibu kile. Sawa. Na kisipotikisika hiki? Basi kile hakidaiwi jibu. Na kisipotikisika chochote, popote, saa yoyote? Hakuna anayedaiwa. Nukta elfu kumi zimelala chali na zote zina vyeti vya tabia njema. Ee! Kimya hakivunji sheria hata moja. Kimya ndiye raia bora. Mpe mwanafunzi sheria peke yake, umwambie akupe jibu lisilozivunja, na akiwa mvivu, au mwoga, au mwerevu sana, atakuletea ukurasa mtupu, nawe utasahihisha, utaona hakuna kosa, utampa mia kwa mia. Kosa ni la anayesema. Anayesema ndiye hukwaza. Sauti yoyote ina mwanzo, na mwanzo hauna ruhusa ya mtu.

Mwanzo.

Alishtuka. Bongo halikuwa na mwalimu mmoja. Lilikuwa na wawili. Mwalimu wa kwanza Sheria, wa pili Mwanzo: habari ya lile lililotokea kweli pale sauti ilipotoka mnarani kwa mara ya kwanza, ilivyopimwa na watu kwa masikio na vyombo, kabla ya mtu kukisia lolote. Kosa la Bongo lilikuwa jumla ya kosa mbele ya Sheria na kosa mbele ya Mwanzo. Na kati ya walimu wawili kulikuwa na gurudumu dogo la shaba, lenye meno mia, la kuamua nani asikilizwe zaidi. Uzito, waliliita. Uzito wa mwanzo.

Alikwenda kulitazama. Lilikuwa ukutani nyuma ya pazia, na mshale wake ulikuwa umelala kwenye jino la kwanza, hatua moja tu juu ya utupu.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza.

Pandu alikuwa amemfuata. Alikohoa. "Si mtu mmoja."

"Nani?"

"Mize, kila mtu hapa hulipunguza kidogo. Jino moja. Siku yako ya kusomewa kosa inafika, Bongo linang'ang'ana na vipimo vya kale, kosa halishuki, unafanya nini? Unalegeza jino moja, kosa linashuka, unapigiwa makofi, unakula kashata yako, unakwenda nyumbani. Ni desturi. Hakuna aliyelizungusha lote."

"Wezi wa polepole nyinyi!"

"Jino moja si wizi."

"Meno tisini na tisa, Pandu! Na nitamjua wa kwanza. Wallahi nitamjua, na nitalisoma jina lake juu ya kiti kile."

Ndani ya Nyumba ya Mawimbi, saa ilikuwa mahali. Bongo hulishwa nambari nne kwa sinia moja, tatu za wapi na moja ya lini, wala halioni tofauti kati yao, na waliojenga Nyumba waliijenga kwa mfano huo. Ukumbini palianza ukanda mrefu wa milango, kila mlango wakati wake. Waliokaa sana humo walitembea kutoka mwaka hadi mwaka kama mtu anayekwenda jikoni kuchukua chumvi. Mwisho wa ukanda palikuwa na mlango wa Sifuri. Haukufungwa kwa kufuli. Hakuna tu aliyekumbuka sababu ya kuufungua.

Mize alitembea. Kila mlango alioupita ulimpunguzia kitu: hapa maumivu ya goti, pale mvi, pale miwani. Sakafu ilikuwa ya mwanga uliotulia, na kila hatua yake ilitoa duara lililosambaa taratibu hadi kwenye kuta. Kuta zilikuwa za sifongo ya kijivu. Mafundi waliziweka makusudi ili wimbi likifika ukingoni lisirudi, limezwe, ionekane kana kwamba limekwenda zake kwenye anga huru. Mize alizijua kuta za aina hiyo. Barua zake zote kuhusu kisima zilipokelewa na ukuta kama huo, kwa ukarimu mkubwa, bila mwangwi.

Akiwa na umri ambao hakuweza tena kuutaja, alisukuma mlango wa Sifuri.

Ndani palikuwa na mchana mkali wa siku ya kwanza. Mnara mpya unanukia rangi. Bongo changa, nyuzi zake chache, linakisia ovyo kama mtoto anayechora ng'ombe mwenye miguu saba. Na mbele ya gurudumu la shaba amesimama mwanamke wa miaka thelathini, kilemba cha kitenge, penseli sikioni, simu ya upepo mkononi. Kutoka kwenye simu inakuja sauti nyembamba sana.

"Mize? Mbona kimya? Nakusikia kwa mbali, kama uko ndani ya mtungi. Mize?"

Mwanamke alitazama sindano ya kipimo. Tatu katika elfu. Sauti ya Mwaka ilikuwa imetoka bondeni, imekwaruza mgongo wa Kisogo, imejipinda juu ya ukingo wa mlima kama mawimbi yafanyavyo yakikutana na kizuizi, ikafika hapa ikiwa tatu katika elfu. Alikiandika kipimo hicho kwa usafi. Bongo likakisia, likakosea. Likakisia tena, likakosea. Kila kipimo kingine lilikuwa limekubaliana nacho. Hiki kimoja lilijikwaa nacho, kwa sababu wimbi lililojipinda ni gumu kujifunza kuliko lililonyooka.

Nyuma yake alisimama Bwana Kheri kijana, mpole, na sahani mkononi.

"Kadogo tu, Mize. Mpunguzie mwanzo uzito, Bongo lipumue. Sheria itabaki palepale. Ni tatu katika elfu, nani ataiona? Wewe hukusoma chuo, na leo wote wanakutazama."

Mize mkubwa, aliyesimama mlangoni, alikumbuka utamu wa kashata kabla ya kuukumbuka mkono. Nazi, iliki, sukari iliyoungua kidogo pembeni. Utamu huo alikuwa amekaa nao miaka ishirini na tisa, akiuita siku yake ya kwanza ya kuheshimiwa. Kumbukumbu yake ile ndefu, iliyojua rangi za mashati ya waongo, ilikuwa na tundu moja la ukubwa wa jino la gurudumu, na tundu hilo alilifunika kwa kashata.

"Sogea," alisema.

Mwanamke wa kilemba aligeuka. "Wewe nani, mama?"

"Usiliguse hilo."

"Nimeambiwa nipunguze."

"Najua ulivyoambiwa. Nilikuwepo."

"Ni jino moja tu."

"Wote watasema hivyo."

"Mama yangu, sikiliza." Sauti ya yule wa kilemba ilijaa hasira ambayo Mize aliijua vizuri, maana aliishi nayo bado. "Miaka kumi nimesoma kitabu kisicho na mwanzo. Wamenicheka. Nikipigiwa makofi leo, kesho nitakuwa na nguvu ya kuwasemea watu wa bondeni. Nitarudisha jino kesho."

Kesho! Mize alinyoosha mkono, lakini mkono wake ulipita katika gurudumu kama unavyopita katika moshi. Ndani ya Sifuri mtu huona. Habadili. Yule wa kilemba alizungusha. Tak. Simu ikanong'ona, "Mize?" Akaizima. Nje makofi yakaanza, makofi ya kwanza kabisa, na Bwana Kheri kijana akasogeza sahani.

Alirudi ukumbini akikimbia, mvi zikimrudia, goti likimrudia, akapokea kila kitu chake mlango kwa mlango. Jua lilikuwa bado saa nane. Bwana Kheri alikuwa amekwisha kuupigia muhuri pumzi ili ulowe. Mize alikwenda nyuma ya pazia, akalishika gurudumu kwa mikono miwili, akalizungusha. Tak, tak, tak. Hakuhesabu.

Kosa likapaa. Nambari juu ya ramani zilikimbia kama kuku walioona mwewe: sifuri nukta tano, moja, nne, kumi na saba. Doa la samawati kuuzunguka mnara likapasuka likawa matope. Watu walipiga kelele. Mmoja aliangusha kikombe.

"Unafanya nini!" Kwa mara ya kwanza Bwana Kheri hakuwa mpole. "Umeharibu kazi ya miaka yote!"

"Soma juu ya mlango wako."

Juu ya mlango palichongwa kwa mkono wa Bwana Kheri mwenyewe: KOSA LIKIZIDI MOJA, MUHURI HAUGONGWI. Aliichonga siku ambayo hakufikiria kosa lingeweza kuzidi tena.

"Nitakufukuza, Mize. Nitawaambia ni nani aliyeingiza kosa Nyumbani humu."

"Usijichoshe." Alipanda juu ya kiti. Goti lilimuuma, kiti kiliyumba, na Pandu akakishika mguu. "Nilisema nitalisoma jina la wa kwanza aliyepunguza uzito wa mwanzo. Jina lake ni Mize. Wa jino la kwanza ni mimi. Sauti ya dada yangu ilikuwa inaniharibia hesabu, nikainyamazisha, nikala kashata. Makofi yenu yalianza kwangu. Nilikuwa nakuja hapa kila siku nikiwatukana kwa jambo nililowafundisha mwenyewe."

Ukumbi ulinyamaza, na safari hii kimya kilikwaza.

"Mimi meno mawili," alisema Pandu, mkono bado kwenye kiti. "Moja la nyongeza, kwa sababu kashata zilikuwa za karanga."

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama viganja vyao. Mtu msikivu angeweza kusikia midomo ikihesabu.

"Fungeni milango," Mize aliwaambia. "Yote, ubaki wa Sifuri. Bongo lisijifunze saa ya pili mpaka saa ya kwanza iwe imelingana na ilivyotokea. Ikilingana, fungueni mlango unaofuata. Msiliruhusu likisie kesho ilhali jana halijaijua."

"Itachukua muda gani?" aliuliza Bwana Kheri. Muhuri ulikuwa bado hewani, mkono wake ukianza kuchoka.

"Ule ule tuliouiba."

Wakafunga. Ramani ikawa nyeusi, kisha katikati, mnarani, ikatokea nukta ya samawati isiyozidi punje ya mtama. Mlango ukafunguliwa. Punje ikawa duara. Mlango. Duara likatanuka, likapita sokoni, likapita mtoni, kosa likishuka kwa shida, hatua mbele na nusu hatua nyuma, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya homa ndefu. Likaufikia Kisogo na kuvunjika. Sehemu kubwa ikarudi mjini. Watu wakaangua sauti ya masikitiko, kumbe bado walikuwa wanajua kusikitika. Mize alikaza macho kwenye mgongo wa mlima. Mlango mwingine. Mwingine tena. Na pale juu ya ukingo uzi mmoja wa rangi ukaning'inia, ukajipinda, ukaanza kuteremka upande wa pili, mwembamba, rangi yake ukiitazama moja kwa moja huioni.

"Kiasi gani?" aliuliza Pandu.

"Tatu katika elfu."

Kosa lilisimama kwenye moja nukta mbili. Lilikataa kushuka. Bwana Kheri aliitazama nambari, akautazama mlango wake aliouchonga, akautazama wino uliokauka juu ya muhuri. Nje ya dirisha, bila ruhusa ya mtu, jua liliacha saa nane likaanza kuteremka.

Mahali penye rangi, simu huwashwa. Hiyo pia ilikuwa amri. Pandu alivuta droo, akapangusa vumbi kwenye simu ya upepo ya bondeni, ambayo hakuna aliyeiwasha tangu Mize alipoizima siku ya kwanza, akambonyezea Mize kitufe.

"Mize?" ilisema sauti. "Mbona kimya?"

Miaka ishirini na tisa. Alikuwa na maneno mengi, hotuba nzima, majina na tarehe, kisima, barabara. Aliyaacha yote.

"Nilikupunguza, dada," alisema. "Ni mimi."

Mkwaruzo. Mlima ulikuwa katikati, na mlima haukuwa umekwenda popote.

"Sikusikii vizuri, mdogo wangu," alisema Mwaka. "Ongeza."